Mizunguko ya Mwenzako

Sumu haikuwepo. Inspekta aliisoma ripoti ya maabara akiwa amesimama, akaigeuza nyuma kana kwamba sumu ingeweza kuwa imejificha upande wa pili, kisha akaiweka mezani mbele ya Mkuu wa kituo.

"Maji, sukari na ndimu," alisema. "Hakuna kingine kwenye chupa ile."

Mkuu wa kituo hakuigusa ripoti. Alikuwa mtu anayependa kesi ifungwe kabla chai haijapoa, na hii ilikuwa imeshapozesha chai nyingi. "Na kijana mwenyewe aliyekiri, tumweke wapi?"

"Amesema maneno mawili, afande. 'Nimemuua mimi.' Baada ya hapo hajafungua mdomo, si kwangu, si kwa wakili, si kwa mama yake."

"Maneno mawili yanatosha. Watu wamefungwa kwa moja."

Kesi yenyewe ilikuwa imeanza kwa shangwe. Timu ya wanaume ya mpira wa kikapu ya chuo kile haikuwa imefungwa mechi hata moja tangu msimu uanze. Vijana ambao mwaka uliotangulia walikuwa wakichekwa hata na wauza karanga wa mlangoni, safari hii walikuwa wakibebwa mabegani kila Jumamosi. Nahodha wao walimwita Mlingoti, na sababu ilionekana kutoka mbali. Katika nusu fainali, robo ya mwisho, Mlingoti aliruka chini ya kikapu, akaudaka mpira, akatua nao vizuri, akautoa kwa mwenzake. Halafu akaanguka. Mpira ule ukaendelea ukafungwa, uwanja mzima ukaruka kwa furaha, na kwa muda watu walimshangilia maiti bila kujua.

Aliyempa kitu cha mwisho mdomoni alikuwa mchezaji wa akiba wa nafasi yake, kijana waliyembatiza Benchi kwa kuwa ndiko alikomalizia msimu. Alimpa chupa wakati wa mapumziko mafupi. Fainali ingechezwa mbele ya wakubwa wa timu za kulipwa, na Mlingoti asipokuwepo, nafasi ni ya Benchi. Chuo kizima kilikuwa kimeshajumlisha hesabu hiyo, na baba wa marehemu alikuwa ameijumlisha kabla ya wote.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Mkuu.

"Ndiyo, afande. Lakini daktari aliyempasua marehemu anasema kilichomla kilikuwa ndani zaidi ya nguo." Inspekta akatoa karatasi ya pili. "Moyo. Misuli imenenepa kupita kiasi. Kazaliwa nao hivyo. Daktari anasema moyo wa namna hii hauhitaji bingwa kuugundua. Ukimfunga mtu nyaya za kipimo kifuani, mistari inaonyesha palepale."

"Basi hakupimwa."

"Walipimwa wote mwanzoni mwa msimu, ni amri ya ligi. Mlingoti alipasi. Moyo safi kama wa mtoto."

Mkuu akakuna kidevu. Hapo alipokuna ndipo kesi ilipomkwama. "Kesho nampeleka kijana mahakamani na shtaka la mauaji," alisema hatimaye. "Amekiri, na baba mtu yuko hapa kila asubuhi ananitazama. Ukiwa na kingine, niletee kabla ya hapo."

*

Tangu kesi hii ianze, shingo ya Inspekta ilikuwa inauma. Alikuwa mwanamke mfupi, na kila aliyemhoji alikuwa juu ya mawingu. Hata Koplo aliyekuwa akimwendesha gari alikuwa mrefu, na hakuacha mtu asahau kwamba naye aliwahi kucheza kikapu enzi zake.

"Mimi ningefika mbali," alisema Koplo wakikata kona kuelekea nyumbani kwa marehemu. "Tatizo lilikuwa mpira. Nikiupata tu, nachanganyikiwa."

"Kama ushahidi," alisema Inspekta.

Baba wa Mlingoti alikuwa fundi seremala, na karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, bati juu, maranda yamejaa chini. Walimkuta anapiga randa ubao ambao haukuwa wa kazi yoyote. Ulikuwa umeshakonda, lakini aliendelea kuukwangua, kwa kuwa mikono iliyozoea kazi haijui kukaa msiba. Hakusalimia.

"Umeniletea jina?"

"Bado, mzee. Pole tena."

"Pole nimezipata nyingi, sina mahali pa kuziweka. Mimi nataka jina. Mtu fulani kamtoa mwanangu nyumbani kwangu mzima, kanirudishia amelala. Nataka nimwone usoni, nimwulize alimkosea nini. Hilo tu. Sitampiga."

"Naomba nikione chumba chake mara nyingine."

Chumba kilikuwa safi kupita kawaida, usafi wa mahali ambapo mtu anafagia ili apate sababu ya kuingia. Jezi ya msimu uliopita ilikuwa imetundikwa ukutani. Ila kilichomshika Inspekta safari hii ni kitanda, maana safari ya kwanza kilikuwa kimejaa wanawake waliokuja kulia. Kilikuwa cha mbao nyeusi kwa kiasi cha urefu wa mtu, halafu kikaungwa mbao nyeupe, halafu kikaungwa tena mbao nyekundu, na kilipoishia kilikuwa karibu kuziba mlango.

"Alipokuwa kidato cha kwanza miguu ilianza kuchungulia nje," baba alisema nyuma yao. "Nikaunga. Alipomaliza shule nikaunga tena. Nikamwambia, ukiongezeka safari hii, mwanangu, utalala barabarani, magari yakupishe." Akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa gumu kulitazama. "Kitanda cha watu hakijamtosha tangu ndevu zimwote. Kule hosteli alikuwa analala sakafuni, magodoro mawili kayaunganisha."

Koplo, ambaye kwa kawaida hakosi neno, alitazama viatu vyake.

"Wakaniletea jeneza la dukani," baba akaendelea, kwa sauti ileile ya mtu anayeeleza kazi. "Nikawaambia lirudisheni, hilo ni la watu wengine. Nikalitengeneza mwenyewe. Sikuhitaji kumpima."

Inspekta aliinama, akaupitisha mkono kwenye maungio ya ubao, pale mweusi ulipokutana na mweupe. Yaliungwa vizuri mno, hata ukucha haukupita. Alishukuru kuwa na kitu cha kutazama.

*

Kwenye ukumbi wa michezo wa chuo, vijana walikuwa wanakimbia. Hakukuwa na mpira wala kelele, viatu tu vikilia sakafuni kuzunguka mistari ya uwanja. Kocha alisimama katikati, filimbi shingoni, macho mekundu. Juu ya ukuta nyuma yake mtu alikuwa ameandika kwa rangi, kwa herufi kubwa: MZUNGUKO WA MWENZAKO NI WAKO.

"Mtacheza fainali?" Inspekta aliuliza.

"Chuo kinataka. Mimi sijui. Wao ndio hao, hawataki kwenda nyumbani." Kocha alionyesha kwa kidevu. "Ukiwaambia pumzikeni wanakutazama kama umewatukana."

Inspekta aliwatazama. Aliona jambo ambalo mtu aliyezoea uwanja asingeliona. Waliomaliza mapema hawakusimama. Walipofika mstari wa mwisho waliguswa bega na wengine, wakaanza upya. Mwembamba mmoja aliyekuwa anahema kama injini ya zamani alitoka pembeni akaketi, na palepale mwenzake akaongeza mwendo.

"Mbona yule kaacha, na huyu anaongeza?"

Kwa mara ya kwanza uso wa Kocha ukapata uhai. "Hiyo ndiyo timu yangu, Inspekta. Hapo ndipo tulipowashinda wote. Kila nafasi ina watu wawili, anayeanza na wa akiba, na hao wawili ni wenza. Mizunguko yao ninaitoa kwa pamoja. Mmoja akishindwa, akiumwa, akichelewa, mwenzake anaimalizia. Mimi sihesabu nani kakimbia. Nahesabu mizunguko tu. Ikitimia, basi, siulizi."

"Huulizi kabisa?"

"Niulize nini? Kubebana ndiko kunakojenga timu. Timu nyingine wa akiba anamwombea mwenzake avunjike mguu. Kwangu hapana."

"Na mwenza wa Mlingoti alikuwa nani?"

Uhai ukatoka tena usoni. "Benchi. Nani mwingine?" Alivuta pumzi. "Ndiyo maana siwezi kulielewa hili. Mwaka wake wa kwanza yule kijana aliumia goti. Ningemwacha, nasema ukweli. Mlingoti akanijia, akaniambia, Kocha, mizunguko yake nitaikimbia mimi. Akaikimbia msimu mzima, yake na ya mwenzake. Watu wakadhani ni sifa. Mtu aliyebebwa namna ile anawezaje kumtilia mwenzake sumu?"

"Hakukuwa na sumu."

Kocha aligeuka taratibu.

"Siku ya kupimwa moyo ulikuwa nao?" Inspekta akauliza.

"Niliwafikisha getini. Nikabaki nje nagombana na dereva. Ni watu wazima, wanaingia zahanati, wanapimwa, wanatoka." Akaishika filimbi. "Kwa nini?"

"Bado sijui," alisema Inspekta, na hapo alikuwa hajasema uongo.

Kijana mmoja alipita karibu yao, jasho likimtiririka, midomo inahesabu. Koplo akamwuliza, kwa upole usio wa kipolisi, bado mingapi. "Yangu nimemaliza, afande," kijana alijibu bila kusimama. "Hii ni ya nahodha."

*

Mpimaji wa moyo alikuwa mtu wa maneno mengi, na alipoona sare aliyaongeza. Kabla hawajaketi alikuwa ameshawaeleza kwamba mashine yake haijawahi kukosea, kwamba yeye mwenyewe hajawahi kukosea, na kwamba kama kuna aliyekosea basi atafutwe mahali pengine.

"Hatujasema umekosea," alisema Inspekta, ingawa ndicho alichokuja kukisema. Njia nzima alikuwa anawaza uzembe: nyaya zimelegea, karatasi zimebadilishana, mtu kasaini akiwa na haraka ya kwenda kula. Ingekuwa nafuu ikiwa hivyo. Mtu mvivu angebeba lawama na ulimwengu ungeendelea.

Chumba kilikuwa kidogo. Mashine juu ya meza ya magurudumu, kitanda cha chuma, kichwani ukuta, miguuni bamba refu la chuma lililochomelewa lisitoke. Mpimaji alieleza kazi yake hatua kwa hatua, na kazi aliijua. Mtu anavua juu, analala chali, ananyoosha miguu, mikono ubavuni, anatulia.

"Miguu lazima inyooke?"

"Lazima. Ukikunja, misuli inajikaza, mistari inacheza ngoma. Mimi aliyekunja miguu simpimi."

"Wachezaji wa chuo, kuna aliyekusumbua?"

"Hakuna! Vijana wana adabu. Naita jina mlangoni, anaitika, anaingia, analala."

"Unawatazama usoni?"

"Mama, mimi napima kifua, sipimi sura. Wote wamevaa traksuti moja, wote wamenyoa namna moja. Ukitoka mmoja na kuingia mwingine utasema ni yuleyule karudi." Akacheka, kisha akaona amecheka peke yake.

"Nahodha wao unamkumbuka?"

"Nahodha, huyo namkumbuka!" Mpimaji alifurahi kuwa na la kusaidia. "Wengine walikuwa na wasiwasi, ndio kawaida. Yeye alilala, nikaweka nyaya, nikageukia mashine, kugeuka tena nikamkuta kapitiwa. Usingizi kabisa! Kanyooka kama rula, anakoroma. Nikasema moyoni, huyu ana roho iliyotulia. Na mistari yake ilikuwa mizuri, ningeweza kuitundika ukutani. Niliposikia amekufa nilidhani wananitania."

Inspekta alikitazama kitanda. Akalitazama bamba la chuma miguuni.

"Koplo, vua viatu. Lala."

"Mimi, afande? Mimi moyo wangu hauna hatia."

"Lala chali. Nyoosha miguu."

Koplo akapanda, akajinyoosha. Nyayo zake zikagusa bamba la chuma. Akajisogeza juu, kichwa kikagonga ukuta. Akajisogeza chini, magoti yakainuka. Kwa kujibana tu akaenea miguu imenyooka, naye akabaki pale kama samaki kwenye kikaango kidogo.

"Wiki iliyopita tulipowahoji wachezaji," Inspekta alisema, "yule mrefu kuliko wote waliobaki, ulilingana naye?"

"Tulilingana, afande."

"Na kwenye picha ya timu, yeye kwa Mlingoti alikuwa anafika wapi?"

Kutoka pale kitandani Koplo aligusa kidevu chake mwenyewe kwa kidole. "Hapa," alisema.

Mpimaji alikuwa bado anatabasamu, hajaelewa.

"Bwana," Inspekta akamgeukia, "akija mtu asiyeenea kitanda hiki, unafanya nini?"

"Nashusha godoro chini, nampimia sakafuni."

"Siku ile ulishusha godoro?"

Mpimaji alifungua mdomo. Alitazama kitanda, akatazama godoro, akamtazama Koplo aliyejibana juu yake, na tabasamu likamtoka polepole.

"Sikushusha," alisema.

Nje, kabla ya kuwasha gari, Koplo alikaa na funguo mkononi. Mzaha ulikuwa umemwishia. "Mtu mwingine kaitika jina lake."

"Ndiyo."

"Ni nani kwenye timu ile angekubali jambo kama hilo?"

Inspekta aliegemeza kichwa chake kwenye kiti. Jina alikuwa nalo tangu ukumbini, alikuwa amepewa mkononi, na wakati ule hakujua ni la nini. "Wote wangekubali," alisema. "Lakini kocha ameshatuambia ni zamu ya nani."

*

Benchi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na uso mkavu wa mtu ambaye machozi yamekataa kumtoka. Alikaa, akaweka mikono mezani bila kuambiwa. Inspekta hakutoa kalamu. Alimwashiria Koplo afunge mlango, akasubiri mpaka nyayo za askari wa zamu zilipofifia.

"Mwanangu," alisema, "ulilalaje usingizi juu ya kitanda kile?"

Kijana akainua macho.

"Wenzako wote walikuwa na wasiwasi. Wewe ulikuwa umeshapimwa mara moja kwa jina lako, ukaingia mara ya pili kwa jina la mwenzako, ukalala. Ukakoroma."

Halafu kitu kilichokuwa kimefungwa ndani ya kijana yule kikafunguka, na alipoanza kusema alisema haraka, kama mtu anayeogopa mlango utajifunga tena.

"Sikuwa nimelala usiku wake, mama. Tulikesha tunabishana. Alizimia hosteli, kabla msimu haujaanza. Alikuwa anapanda ngazi tu. Alipozinduka akaniambia moyo wake wakati mwingine unaruka, unasimama, unaanza tena. Nikamwambia twende hospitali. Akasema nikienda, msimu umeisha. Akasema, wewe una moyo mzima, niazime asubuhi moja. Moja tu."

"Ukakubali."

"Nilikataa!" Sauti ilimvunjika. "Nilikataa usiku kucha. Asubuhi akaniambia, mimi nimekukimbilia msimu mzima, sijakuuliza hata siku moja. Sasa mimi nimwambie nini? Mama, ungemwambia nini?"

Inspekta alivuta kiti chake karibu na meza.

"Nilidhani ni mzunguko," kijana alisema. "Ni kama kumkimbilia mzunguko mmoja, basi. Tumefanya hivyo kila siku. Mechi zikaanza, tukashinda, na tena tukashinda, nikasema labda moyo umepona, labda alikuwa na njaa tu siku ile. Kwenye nusu fainali alikuja benchi akaniambia kifua kinabana. Nikampa maji. Nikasema twende kwa Kocha. Akanishika hapa." Akagusa bega lake, akaacha mkono pale. "Akasema, robo hii tu. Robo hii tu, halafu fainali unaanza wewe, mimi nitakaa nikushangilie."

"Kwa nini hukusema haya tulipokukamata?"

"Niseme nini? Niseme nahodha alidanganya? Kombe lote tulilopigania lionekane la uongo, na jina lake juu yake?" Akatikisa kichwa. "Nilisema nilichofanya. Nimemuua mimi. Ni kweli."

Koplo alikuwa amegeukia ukuta. Inspekta alichukua kalamu sasa, akaandika maelezo yote polepole, neno kwa neno, akamsomea, kijana akasaini. Kuna kosa la kudanganya kwenye kipimo, na kosa hilo lina adhabu yake. Mauaji hayakuwepo. Mkuu wa kituo alipoyasoma maelezo yale aliuliza kama chai ipo, akaambiwa imepoa, akainywa hivyohivyo.

*

Baba wa Mlingoti alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti kirefu cha mapokezi kama kila siku. Inspekta alikaa karibu yake. Angeweza kumweleza ofisini, kwa sauti ya ofisini, lakini alimweleza palepale, bila kupunguza: moyo, kuzimia ngazini, kitanda cha chuma, na nani alilala juu yake. Mzee alisikiliza mikono ikiwa magotini. Vumbi la mbao lilikuwa bado limemganda kwenye nywele za mikono.

"Kwa hiyo alijua," alisema mwishoni.

"Alijua."

"Nami hakuniambia. Nimeunga kitanda kile mara mbili, na hakuniambia." Akasimama. "Nipeleke kwa huyo kijana."

Sheria ilikuwa na maoni yake juu ya jambo hilo. Inspekta hakuiuliza.

Benchi alipomwona nani anaingia alisimama, akagonga kiti, kiti kikaanguka, hakukiokota. Alikuwa mrefu naye, lakini mbele ya mzee yule alikuwa ameinama mpaka wakalingana. Hawakuwa wageni. Kijana huyu alikuwa amekula nyumbani kwa mzee likizo zote, na mzee ndiye aliyemkanda goti lile kwa mafuta alipokuwa hawezi kukimbia.

"Nilisema nikimwona aliyemuua nitamwuliza mwanangu alimkosea nini," alisema baba. "Sasa naona hakukukosea kitu."

"Hapana, baba."

"Ungekataa."

"Ndiyo, baba."

"Ungeshikilia pale pale pa kukataa. Ungemwachia akasirike, akutukane, akuite msaliti, avunje urafiki." Mzee aliongea kwa utulivu, akichagua kila neno kama anavyochagua ubao. "Sasa hivi angekuwa nyumbani. Amekaa kitandani kwake, amekununia."

Hapo ndipo kijana alipolia, kilio ambacho siku zote zile kilikuwa hakijampata. Alilia kwa sauti, bila kujifunika, mabega yanatikisika. Mzee hakumkumbatia wala hakuondoka. Aliinama akakiokota kile kiti, akakitikisa kuona kama mguu umelegea, akakisimamisha, akamkalisha kijana juu yake kwa mkono mmoja begani. Mkono ukabaki pale, juu ya lile bega lililoguswa na mwanawe, mpaka kilio kikapungua. Kisha akautoa, akautazama kana kwamba si wake.

Mlangoni alisimama karibu na Inspekta. Hakuwa amesema amesamehe, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

"Mimi nilikuwa natafuta adui," alisema kwa sauti ya chini. "Adui ningemchukia, nikalala. Huyu nitamfanya nini?"